Hilux yangu inagonga: nifungue injini au ninunue nyingine?

Swali nililoletewa linatoka kwa dada mmoja mfanyabiashara wa viazi, Njombe. Nalifupisha:

"Habari za kazi, fundi. Nina Hilux ya milango minne ya 2008, dizeli, 3.0 D-4D, imetembea kilomita 312,000. Inabeba viazi kutoka shambani kwenda Makambako, mara moja moja Iringa. Tangu Mei inawaka kwa shida asubuhi, inatoa moshi mweupe na inagonga mpaka ipate moto. Ndani kunanuka moshi. Wiki mbili zilizopita taa ya oili iliwaka ikiwa inapanda na mzigo. Dereva akasimama, akaongeza oili lita moja, taa ikazima, akaja nayo nyumbani kama kilomita 12. Sasa inagonga hata ikiwa na moto. Fundi mmoja anataka milioni 6.5 kufungua injini. Mwingine anasema nisipoteze hela, ninunue ya mtumba ya Japani, milioni 9 mpaka kufungwa. Shemeji anasema niweke injini ya 5L, ya zamani isiyo na mambo mengi. Dalali anatoa milioni 15 ilivyo. Zenye injini nzima za aina hii watu wameuza milioni 28 hadi 30. Viazi viko shambani. Nifanye nini?"

Salama, dada yangu, na pole sana. Kabla ya yote, mwambie dereva asiiwashe tena, hata kwa kuisogeza uani. Ikihitaji kwenda gereji, ivutwe. Kila dakika injini hiyo inayozunguka sasa hivi inaweza kuwa inakula krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na krenki ndiyo itakayoamua kama unafufua au unabadili.

Watu wanne wamekupa majibu manne, na hakuna hata mmoja aliyekwambia injini inaumwa nini. Hilo ndilo linalonisumbua. Usitoe shilingi kwa yeyote kati yao mpaka sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ishushwe na mtu aangalie ndani. Ni kazi ya nusu siku, na malipo yake ni madogo sana ukilinganisha na hizo milioni.

Nikueleze kwa nini. Injini yako inaitwa 1KD-FTV, sentimita za ujazo 2,982, ya turbo, yenye nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) zinazoendeshwa na kompyuta. Ni injini yenye nguvu na imejenga nyumba nyingi nchi hii, lakini ina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. Chini ya kila nozeli kuna washa nyembamba ya shaba. Kazi yake ni kuzuia moto wa kwenye silinda usipande juu ukipita pembeni ya nozeli. Washa hiyo ikichoka, gesi chafu inapenya, inapanda hadi chini ya kifuniko cha juu cha injini, mahali ambapo oili inapita. Masizi yanachanganyika na oili, oili inakuwa nzito kama lami, na lami hiyo inashuka kwenye sampo na kwenda kuganda juu ya chujio ambalo pampu inavutia oili. Pampu ikawa kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija ulioziba.

Sasa soma barua yako mwenyewe. Harufu ya moshi ndani ya gari, kuwaka kwa shida, moshi mweupe wa asubuhi: nozeli na washa zake. Halafu taa ya oili inawaka gari likiwa linapanda na mzigo, pale injini inapohitaji oili kuliko wakati wote. Dereva anasimama, anaongeza lita, taa inazima. Naye akaamini tatizo lilikuwa oili kupungua. Mimi nadhani gari liliposimama, ule ute uliokuwa umefunika chujio ulilegea ukadondoka, oili ikapata njia kidogo. Ile lita haikuponya kitu. Simlaumu kijana wako, madereva wengi wangefanya hivyo hivyo. Lakini mfundishe, na umwambie kwa upole maana unamhitaji: taa ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama ni katikati ya mlima na mzigo unaoza.

Kuna milio miwili na ni lazima tuitenganishe. Mlio wa nozeli ni mkavu na mwepesi, ka-ka-ka, na mara nyingi unapungua injini ikipata moto. Mlio wa metali za krenki, vile vibati laini ambavyo krenki inazungukia, ni mzito, unatoka chini, gu-gu-gu, unazidi ukikanyaga mafuta, na unakuwa mbaya zaidi injini ikipata moto kwa sababu oili inakuwa nyepesi. Ulianza na wa kwanza. Unaposema sasa inagonga hata ikiwa na moto, naogopa umefika kwa wa pili.

Basi fundi ashushe sampo. Atoe lile chujio na kulipiga picha kabla ya kulisafisha. Afungue kepu mbili za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki), atoe metali zake, aangalie uso wa krenki. Hapo majibu ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Metali ikiwa imekwaruzika, hata ikionyesha rangi ya shaba iliyo chini, lakini krenki bado inang'aa na ukipitisha ukucha haukwami popote, una bahati. Ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo, au krenki imebadilika rangi ikawa ya buluu kwa joto, au metali imezunguka ndani ya konrodi, basi hiyo ni habari nyingine.

Wakati huo huo apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Hapa nina jambo la kuwaambia mafundi wa huko kwenu wote, kwa sababu nimeona injini nzima zikihukumiwa kufa kwa kosa hili. Namba za kompresheni zilizo kwenye kitabu ni za usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa takriban moja ya tano. Geji nayo itasoma pungufu kwa kiasi hicho hicho. Fundi aliyezoea Dar es Salaam akipima Njombe atasema "ringi zimekwisha" na kukuuzia pistoni nne. Muhimu zaidi ni silinda kulingana zenyewe kwa zenyewe. Zikilingana, sehemu ya juu iache. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hapo kuna valvu, ringi, au pistoni iliyopasuka, kwa maana injini hii ikimwagiwa dizeli na nozeli mbovu kwa muda mrefu hupasua pistoni.

Nozeli nazo zipimwe. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta anaweza kuona kila nozeli inavyosahihishwa injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, lakini sitaki uiwashe, kwa hiyo zitolewe zipelekwe kwa mtu mwenye benchi la kupimia. Zikitolewa, angalia pale zilipokaa. Ukikuta lami nyeusi imezunguka shina la nozeli, tumempata mhalifu.

Sasa nizungumzie zile bei, maana ndipo watu wanapoumia.

Milioni 6.5 ya kufungua injini: mwombe fundi akuandikie kwenye karatasi ni nini kimo ndani. Pistoni? Ringi, metali, seti ya gasketi, pampu ya oili, kukereza (kuchonga upya) krenki, mkanda wa taimingi na roli zake, pampu ya maji? Halafu muulize swali moja tu: nozeli na turbo zimo? Mara nyingi hazimo. Injini ikishakuwa mezani vipande vipande, ndipo anakuja kukwambia "dada, nozeli tatu hazifai", na wewe huna tena pa kukimbilia. Kwa 1KD, nozeli ndizo chanzo cha maradhi. Kufungua injini ukairudisha na nozeli zile zile ambazo hazijapimwa ni kumwogesha mgonjwa na kumrudisha kwenye kitanda chenye kunguni. Ukijumlisha nozeli, na turbo ambayo nayo imekosa oili siku ile mlimani, hiyo 6.5 inaweza kuifikia 9 na kuipita. Nozeli mpya zina namba ndefu juu yake, na namba hizo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiyejua habari ya namba hizo, mshukuru, uondoke.

Kukereza nako kunahitaji mtu. Krenki ya injini hii inachongeka na metali za saizi inayofuata zipo, ila kazi hiyo inategemea mkono wa mkerezaji. Asiyepima kwa maikromita bali kwa macho atakurudishia krenki itakayokaa mwezi mmoja. Kama hamna mkerezaji unayemwamini kuanzia Njombe hadi Mbeya au Iringa, hesabu hilo kama sababu ya kubadili injini.

Milioni 9 ya injini ya mtumba: faida yake kubwa ni muda. Fundi mzuri anaitoa ya zamani na kufunga nyingine ndani ya siku nne au tano. Kufufua, pamoja na kusafirisha vipande, kusubiri spea na kusubiri zamu kwa mkerezaji, ni wiki mbili au tatu. Mwenye viazi shambani lazima alihesabu hilo: je, wiki mbili za kukodi gari la mtu ni shilingi ngapi? Ziongeze kwenye 6.5 kabla ya kulinganisha.

Lakini uelewe unanunua nini. Hilux ya umbo lako haikuuzwa Japani. Kule waliacha kuuza Hilux 2004 na kuirudisha 2017. Kwa hiyo injini inayoitwa "1KD ya Japani" imetoka kwenye Prado, Hilux Surf, au Hiace. Ya Prado na ya Surf inakaribiana sana na yako. Ya Hiace imelala chini ya viti vya mbele, hivyo sampo yake, maunti zake (vishikizo vya injini) na baadhi ya mabomba ni tofauti, na fundi atalazimika kuhamisha vya kwako. Linawezekana, tunalifanya kila siku, ila lijulikane kabla hujalipa, lisije likawa "nyongeza" baadaye. Kompyuta ya gari lako ibaki ile ile, kwani ndiyo inayoujua ufunguo wako.

Na ugonjwa? Injini ya mtumba ni 1KD vile vile, ina washa zile zile za shaba, na huna daftari la maisha yake. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, iwe Ilala au popote, mwambie muuzaji unataka sampo ishushwe mbele yako. Atakayekataa, mwachie injini yake. Angalia chujio. Fungua kifuniko cha kujazia oili na uchungulie na tochi: rangi ya kahawia ni kawaida, lakini lami nene ukae mbali nayo. Izungushwe kwa mkono raundi mbili kamili isikwame. Angalia matundu ya maji kama yamekula kutu. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, na dhamana iliyoandikwa ya muda wa kuijaribu. Kisha, kabla haijaingia kwenye gari, badilisha washa za shaba, mkanda wa taimingi na sili za krenki. Ikiwa nje, kazi hizo ni rahisi. Ikishaingia ndani unalipa ufundi mara mbili.

Nikuambie jambo ambalo bado linaniuma. Miaka ya nyuma nilibadilisha injini ya mteja, mzee mmoja mbeba mbao. Ile ya zamani ilikuwa imevunja turbo. Nikafunga injini safi kabisa, nzuri, ikaondoka inaimba. Ndani ya wiki tatu ikarudi imekufa. Sikuwa nimeosha intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye turbo) na mabomba ya hewa. Vipande vya turbo ya kwanza vilibaki mle, injini mpya ikavimeza. Nililipa mimi, na nilistahili kulipa. Tangu hapo, gari halitoki kwangu kabla intakula, bomba zote za hewa na kipozea oili havijaoshwa au kubadilishwa, na rejeta haijapitishiwa maji ikaonekana inapumua. Hayo mwandikie fundi wako, nawe uwepo yakifanyika.

Shemeji yako na 5L ana hoja, nami namheshimu. 5L ni injini ngumu isiyojua masihara ya nyaya, na toleo lake la 5L-E lilifungwa kiwandani kwenye Hilux za umbo hili hili zilizoletwa Afrika. Ningekuwa nazungumza na mtu wa Kibaha, kule chini karibu na pwani, anayebeba mzigo mwepesi, ningesikiliza zaidi. Ila wewe uko Njombe. 5L haina turbo, inavuta hewa ilivyo, na hewa ya huko nimeshakwambia ni pungufu kwa moja ya tano. Hata usawa wa bahari nguvu yake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya 1KD. Ipakie viazi uipandishe milima yenu, utaendesha gia ya pili maisha yako yote. Turbo ndiyo inayokurudishia hewa mliyonyimwa na mwinuko. Ongeza giaboksi, waya za dashibodi, na ufunguo ambao hautatambuliwa, na ukija kuuza, mnunuzi atafungua boneti, atatikisa kichwa na kupunguza bei. Kwako wewe, hapana.

Kuhusu dalali, tufanye hesabu. Ana milioni 15. Ukiweka injini ya 9, na nozeli, kuosha, mikanda na vikolombwezo tuseme milioni 2 nyingine, umefika 26, na soko lako linasema 28. Kwa hiyo kubadilisha injini ili uuze hakulipi. Milioni 2 hazitoshi kwa wasiwasi utakaoupata. Ukibadilisha, iwe kwa nia ya kuendelea kubebea viazi miaka mitatu au zaidi. Lakini ikiwa sampo itaonyesha ni chujio na metali tu, na krenki nzima, ukimuuzia kwa 15 umemzawadia. Naye anajua. Madalali wa Hilux wanaujua ugonjwa huu kuliko mafundi wengi.

Ukiniuliza naegemea wapi kwa maelezo niliyo nayo: kilomita 12 baada ya taa kuwaka, na mlio ambao haukomi, nadhani krenki imeguswa. Jiandae kwa injini nyingine, ya Prado au Surf, huku ukifungua sampo kwa matumaini. Krenki ikikutwa nzima na kompresheni inalingana, usikubali mtu afungue silinda hedi. Badilisha metali zote za konrodi na za krenki, kagua pampu ya oili, safisha chujio na sampo, weka washa mpya za shaba, pima nozeli na ubadilishe zilizokufa, angalia kama turbo ina mchezo kwenye shafti. Oili na filta zibadilishwe, tembea kilomita 500, zimwagwe tena ili masizi yaliyobaki yatoke. Hiyo itakugharimu pungufu sana ya milioni 6.5, na gari litakuwa na injini unayoijua. Krenki ikiwa imekwaruzika, usianze safari ya kukereza na pistoni na konrodi, chukua injini.

Ukibadilisha, usisahau karatasi. Kadi ya gari inaonyesha namba ya injini. Peleka taarifa TRA wabadilishe kumbukumbu, na bima ijue pia. Watu wengi huliacha jambo hili, halafu siku ya kuuza au siku ya ajali namba za kadi na za injini hazifanani, na unaonekana mwizi wa gari lako mwenyewe. Ndiyo sababu nikasisitiza risiti yenye namba ya injini.

Jambo la mwisho ni dizeli. Pampu na nozeli za gari hili zinalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haina ulaini huo, na ya vidumu vya barabarani hujui imelala na maji kiasi gani. Muulize dereva anajaza wapi akiwa mbali nawe. Muulize bila hasira, ili akuambie ukweli. Filta ya dizeli iwe halisi, na washa za shaba zibadilishwe kabla hazijalalamika. Mimi kwa magari ya mzigo sipitishi kilomita 80,000. Ukisikia tena ile harufu ya moshi ndani ya gari, hata kidogo, ni siku hiyo hiyo ya kwenda gereji.

Sampo ikishashuka, nitumie picha tatu: chujio kabla halijaoshwa, metali mbili zikiwa zimelazwa kwenye kitambaa cheupe, na krenki pale metali zilipotoka, tochi ikimulika kwa ubavu ili mikwaruzo ionekane. Nipe pia namba nne za kompresheni kwa mpangilio wa silinda. Mpaka hapo, kodi gari la jirani upeleke viazi Makambako, na yule wa milioni 9 mwambie utamjibu Ijumaa.